Kwa Sanduku Langu Jekundu, Kabla Halijaenda Ndabibi

Karakana ya Baba, Gilgil
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu,

Najua wewe ni sanduku. Naandika hivyo mapema ili mtu akiiokota barua hii asidhani kwamba msichana wa Kidato cha Tatu ana mtoto aliyemficha kwenye karakana ya babake, chini ya blanketi la kijivu. Habari kama hiyo ingefika sokoni kabla sijamaliza kuikunja karatasi. Wewe ni sanduku la bibi harusi. Una urefu wa futi tatu, bawaba mbili za shaba, na mstari mweupe wa mbao ya jakaranda unaozunguka kifuniko chako chote. Lakini nimekulea tangu mwezi wa nne, nimekosa raha kwa ajili yako, nimegombezwa shuleni kwa ajili yako, na kesho saa tatu asubuhi Mama Chebet anakuja na pikapu kukupeleka Ndabibi, kwa harusi ya bintiye Chebet Jumamosi. Kama huo si uzazi, basi sijui uzazi ni nini.

Wazazi wengi wakiandika barua kama hii huanza na maagizo. Usikubali kuwekewa sufuria ya moto. Usikae karibu na ukuta wenye unyevu. Mtoto akitaka kukukalia, mwache, una nguvu za kutosha. Hayo yote nitamwambia Mama Chebet, au nitamwandikia, kwa sababu mimi na kuwaambia watu vitu hatuelewani sana. Nitafika huko. Leo nataka kukueleza makosa niliyokufanyia, maana karibu yote yanahusu rangi yako, na kuna moja ambalo bado ninalifanya hata sasa nikiandika.

Kwanza ujue ulikotoka. Ulikuwa kaunta ya baa.

Hoteli moja karibu na ziwa la Naivasha ilibomoa baa yake ya zamani, na Baba, ambaye hawezi kupita mbao iliyolala chini bila kusimama kuisalimia, akaja nyumbani na vipande vitano. Vilikuwa vya kahawia iliyokaribia kuwa nyeusi, vina alama za mviringo za chupa, na vina harufu iliyomfanya Mama aache mlango wa karakana wazi kutwa nzima. Mama Chebet ni mtu wa kanisa. Nimejiuliza mara nyingi kama ana haki ya kujua jambo hili la kaunta, na nimeamua kwamba halihusu rangi.

Baba alisema vipande hivyo vitafaa kwa miguu ya vitanda. Akakifunga kimoja kwenye meza, akakipiga randa mara moja, akasimama.

"Nyambura, kuja uone."

Chini ya ule weusi ulikuwa mwekundu. Si wekundu wa matofali, na si wa udongo wa huku kwetu. Ulikuwa kama kaa la moto ambalo mtu amelipuliza sasa hivi. Baba akaendelea na randa, na maranda yakaanguka sakafuni kama maganda ya karoti, mpaka kuku wa jirani akaingia, akadonoa moja, akatutazama kama tuliomdanganya.

"Hii ni mbao ya Kongo," Baba akasema kwa sauti ya chini. "Fundi aliyenifunza kazi alikuwa na kipande kimoja tu. Alikuwa anakifungia kwa kabati pamoja na cheti chake cha ubatizo."

Hapa nataka uone kitu ambacho sisi hatukukiona. Ulikuja ukiwa wa kahawia. Ukawa mwekundu tulipokukwangua. Watu wawili wenye akili zao, mmoja fundi wa miaka mingi na mwingine wa pili darasani kwa kemia, walisimama mbele yako wakishangaa, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ulifikaje kuwa wa kahawia. Tulidhani ni uchafu wa baa.

Siku hiyohiyo ndiyo Mama Chebet alikuja. Alikuwa muuguzi mkuu hospitalini kabla ya kustaafu na kwenda kulima, na sauti yake bado inafika hadi kitanda cha mwisho cha wodi. Alikuja kuulizia kabati la vyombo. Alikuona ukiwa mezani, akasahau kabati.

"Hiyo ni rangi umepaka?" akamuuliza Baba.

"Hapana, mama. Hiyo ni yeye mwenyewe."

"Hujapaka kitu?"

"Hata maji sijapaka."

Akakugusa kwa kidole, akakitazama kidole. "Unajua mimi na Chebet tumegombana juu ya rangi ya harusi tangu Krismasi? Yeye anataka kitu anaita terakota. Mimi nikamwambia terakota ni rangi ya vyungu, siwezi kuvalisha watoto wa watu kama vyungu. Mimi nataka nyekundu. Sasa hii iko katikati. Hii inaweza kutupatanisha."

Akaagiza sanduku. Akachukua kipande kidogo chako, akakifunga kwenye kitambaa chake cha mkononi, akaenda nacho Nakuru kwa wauza vitambaa. Sijawahi kusikia harusi nyingine ambayo rangi yake ilichaguliwa kwa kipande cha mbao. Magauni ya wasichana kumi, tai za wavulana kumi, mapambo ya hema na utepe wa keki, vyote vilitafutwa vifanane na wewe.

Kabla hajatoka aligeuka mlangoni. "Na itakaa hivi, Baba Nyambura? Mimi sitaki kitu cha kunigeuka."

"Mama, rangi hii hata wajukuu wataikuta."

Mimi nilikuwa hapo na ufagio. Siku hiyo ilikuwa ahadi tu, haikuwa uongo, kwa sababu mimi sikujua kitu. Uongo ulikuja baadaye, na ulikuja kupitia mikono yangu.

Baba alikuwa na kazi ya madawati ya shule, kwa hivyo akanipa wewe. Aliniambia, "Wewe unapenda kusoma. Soma hii." Kukata viungo alinisaidia. Mambo ya rangi aliniachia mimi, kwa sababu yeye ana dawa moja tu ya rangi, nayo ni vanishi nyeusi ya kopo kubwa. Huipaka kila kitu. Kitanda cha mkaratusi kinatoka hapa kikiitwa mahogani. Nilimwapia kwamba vanishi hiyo haitakugusa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo. Nilikupiga msasa nikiwa nimevaa blauzi ya shule, kwa sababu nilitoka darasani na haraka ya kukuona. Unga wako unafanana na bizari na unashika kama bizari. Mama aliifua blauzi hiyo pamoja na nyingine zote, na Jumatatu nikasimama gwaride nikiwa na rangi ambayo haikuwa ya shule yoyote katika kaunti yetu.

"Nyambura," mwalimu wa zamu akasema, "hiyo ni sare ya wapi?"

"Ya hapa, Mwalimu."

Lilikuwa jibu la kweli, lakini halikunisaidia.

Kosa la pili lilikuuma wewe. Nilisoma mahali kwamba kabla ya kupaka vanishi, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye spiriti. Aliyeandika hakusema kwamba kuna mbao zinazoyeyusha rangi yake zikiguswa na spiriti. Nilifuta mara moja tu. Wekundu wako ukakimbia kama chai iliyomwagika, ukaingia kwenye ule mstari mweupe wa jakaranda niliokuwa nimeukata kwa siku tatu, na mstari ukawa wa waridi kote.

Baba alikuja, akainama, akakutazama muda mrefu.

"Sasa sanduku liko na fizi," akasema.

Akarudi kwenye madawati yake. Niling'oa mstari wote, nikakata mwingine. Safari hii nilipaka kila kipande cheupe vanishi isiyo na rangi kabla hakijakaribia mwili wako, ili matundu yake yajae na wekundu ukose pa kuingia. Unga nilikuwa naupeperusha kwa pampu ya baiskeli. Watu waliokuwa wanapita barabarani walikuwa wanasimama kuona msichana anayejaza sanduku upepo. Nami, kama kawaida yangu, sikuwaeleza.

Sasa kosa la tatu, ambalo ndilo lililonifungua macho. Wakati wa mitihani nilikuacha karibu na dirisha wiki tatu, na juu ya kifuniko chako nikaacha kitabu changu cha kemia. Nilipokiinua, chini yake kulikuwa na umbo la kitabu, jekundu kabisa, pembe nne zilizonyooka. Kando yake kote ulikuwa umeanza kuwa wa kahawia. Nilifikiri ni vumbi. Nikafuta. Nikafuta tena. Halafu nikakaa chini juu ya ndoo ya gundi.

Nilielewa yote kwa pamoja. Hukuwa na uchafu wa baa. Ulikuwa umezeeka. Jua linakula rangi yako na hewa inasaidia kulisha jua, na kaunta ile ilikuwa nyekundu siku yake ya kwanza kama wewe, halafu miaka ikapita juu yake, pamoja na chupa. Kitabu cha kemia kilikuwa kimenifunza kitu hatimaye, ingawa si kwa njia ambayo mwalimu angependa.

Ndipo nikafanya jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisimulia. Nilisoma kwamba kinachokuharibu ni mwanga uleule unaounguza ngozi za wazungu. Mama anafanya usafi kwenye kambi ya watalii karibu na Longonot, na wageni husahau vitu. Nyumbani kulikuwa na chupa nzima ya mafuta ya kujikinga na jua. Niliona ni hesabu rahisi. Nikachukua kipande chako cha majaribio, nikakipaka vizuri, kama unavyompaka mtoto anayepelekwa kliniki, nikakianika nje.

Mafuta yaliingia kwenye vinyweleo vya mbao yakabaki humo meupe, kama unga wa ugali kwenye kucha. Kipande kikanuka nazi. Paka akakilamba upande mmoja. Baba alinikuta nimempokonya paka kipande na ninajaribu kumwondoa na mguu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni jaribio, Baba."

Akanusa. "Umepaka mbao losheni?"

Nikaificha chupa nyuma yangu.

"Nyambura, na kesho utaivalisha kofia?"

Nilijaribu vitu vingine kwa adabu zaidi. Mafuta ya kitani yalikupa wekundu mzuri siku ya kwanza, lakini yenyewe yana umanjano unaoongezeka, na ndani ya mwezi kipande kilikuwa cha rangi ya asali chafu. Mwishowe nilipata vanishi isiyo na rangi ya milango ya nje, ambayo imetengenezwa kupambana na jua. Nikakupiga randa tena kifuniko kizima mpaka umbo la kitabu likapotea, nikakupaka mara nne, na tangu siku hiyo nimekufunika blanketi. Vipande viwili vya majaribio, kimoja chenye vanishi hiyo na kingine bila, vimekaa dirishani miezi mitatu. Kile kilichopakwa kimegeuka polepole zaidi. Lakini kimegeuka. Ninachokijua sasa kuhusu rangi yako ni hiki tu: inaweza kucheleweshwa, haiwezi kuzuiwa.

Na hilo nimelijua tangu mwezi wa tano, na Mama Chebet hajui.

Amekuja hapa mara tatu tangu wakati huo. Mara ya kwanza nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye daftari na kuyakariri. Alipoingia nikasema, "Karibu chai." Mara ya pili alikuja na kitambaa cha magauni, akakilaza juu yako, akasema, "Ona, kama mapacha," na mimi nikasema, "Ndiyo, mama, karibu chai." Mara ya tatu hata chai haikuwepo, lakini nilimkaribisha. Nimemwandikia ujumbe kwa simu ya Mama mara nyingi, nikaufuta kila mara. Kuna mmoja ulikuwa mzuri sana, ulianza na "Kuhusu suala la rangi", lakini nilipousoma tena ulikuwa kama barua ya kufukuzwa shule.

Sijui kwa nini niko hivi. Darasani najua jibu na ninaomba Mungu mwalimu asiniangalie. Dukani nikipewa kitu ambacho sikuagiza, ninakinunua. Nimekuwa nikijiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo. Lakini kila gauni lililokatwa kule Nakuru lilikatwa nikiwa nimenyamaza, na Chebet ataamka mwaka fulani akute sanduku la mamake limegeuka, na adhani mamake alitapeliwa. Na atakuwa amekosea kidogo tu.

Jana nilimwambia Baba. Nilidhani atashtuka.

"Kwani hukujua?" akasema. "Kila mbao hugeuka. Mimi nimeona hiyo tangu uache kitabu chako hapo."

"Sasa kwa nini ulimwambia wajukuu wataikuta?"

"Mteja akiuliza kama rangi itakaa, anataka kusikia itakaa. Ukimwambia habari ya jua na hewa anaenda kwa yule wa ng'ambo ya barabara, ambaye atamwambia itakaa."

"Lakini si kweli."

Alikuwa anapangusa msumeno, akaupangusa mahali pamoja kwa muda mrefu. "Basi mwambie wewe kesho kutwa akija. Wewe ndiye uko na utafiti."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa hapo nyuma. Niko na kazi."

Hapo ndipo nilijua nilikopata tabia yangu. Siku zote nilidhani Baba ni jasiri kwa sababu ana sauti na nyundo.

Kwa hivyo mpango wangu, mwanangu, ni barua hii. Nitaiweka ndani yako, chini ya kitambaa kinachotandikwa kwenye sakafu yako. Chebet atakapotoa kitambaa kukifua, pengine baada ya mwaka mmoja, ataisoma na kujua kila kitu, na mimi nitakuwa mbali, labda chuoni. Nakiri kwamba nikiuandika mpango huu hauonekani mzuri kama ulivyokuwa kichwani. Ni sawa na kumpa mtoto ujumbe wa deni apeleke mwenyewe kwa mdai. Lakini sina

Kuna gari limesimama nje.

*

Nimerudi. Ni saa kumi na nusu.

Lilikuwa pikapu la Mama Chebet. Alikuwa anatoka kanisani, ana kofia ya zambarau na Biblia kwapani, akaona afadhali akuone leo kwa utulivu kabla ya haraka za kesho.

"Baba yako yuko?"

"Yuko nyuma, mama."

"Wacha akae. Fungua nione mtoto wetu."

Nikatoa blanketi. Mlango ulikuwa wazi na mwanga wote wa barabara ukakuangukia. Wallahi, ulikuwa mzuri. Alikuzunguka polepole, akapitisha kidole kwenye mstari mweupe, akafungua kifuniko, akakifunga, na mara hii hakusema kitu kwa sauti ya wodi. Alisema tu, "Haya."

Nilifungua mdomo kumkaribisha chai. Nililisikia neno "karibu" likija. Likatoka lingine.

"Mama, haitabaki hivyo."

Nadhani ni wewe peke yako uliyenisikia.

"Unasema?"

"Rangi. Haitabaki. Itakuwa kahawia, polepole, kwa sababu ya jua na hewa. Nimeipaka vanishi ya kuzuia jua lakini haizuii, inachelewesha tu. Nilijua tangu mwezi wa tano na sikukuambia. Samahani."

Nimesoma mbele ya darasa mara kadhaa, lakini hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kusema bila kushika karatasi.

Mama Chebet aliisogeza Biblia kwapani.

"Kahawia gani?"

Nilitafuta kitu cha kumwonyesha. Nikaonyesha Biblia yake, jalada la ngozi lililoshikwa miaka mingi. "Kama hiyo."

Akaitazama Biblia. Akakutazama wewe. "Na Jumamosi?"

"Jumamosi itakuwa hivihivi. Mkiifunika, na mkiiweka mbali na dirisha, itachukua miaka. Lakini itafika."

"Baba yako anajua?"

Huko nyuma, randa ikaanza kulia. Mwanangu, Baba hapigi randa Jumapili. Hajawahi tangu nizaliwe.

"Baba Nyambura," akaita.

Randa ikanyamaza.

"Toka huko uje."

Baba akatoka akiwa na shati lake la kanisani na randa mkononi, na hakukuwa na maranda hata kidogo kwenye nguo zake. "Karibu, mama. Nilikuwa namalizia kitu."

"Jumapili?"

"Kidogo tu."

"Uliniambia wajukuu wataikuta."

"Sanduku wataikuta, mama. Hilo hata kortini nitasimama nalo."

"Na rangi?"

Baba alinitazama. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Akaona hakuna msaada.

"Rangi watasimuliwa," akasema.

Nilimwona Mama Chebet akijaribu kukasirika. Alijitahidi kwa kweli. Alivuta pumzi, akaweka mkono kiunoni, akatazama juu kwenye mabati, halafu kicheko kikamshinda, akashika kifuniko chako asianguke. Alicheka mpaka kofia ikahama. Baba akacheka pia, ila alianza mapema kidogo, na Mama Chebet akamnyooshea kidole, naye akaacha.

"Wewe usicheke. Unajua ningejua lini? Chebet angenipigia simu mwaka ujao, 'Mathe, sanduku lako limegeuka,' na ningerudi hapa, na singekuja peke yangu. Ningekuja na kikundi cha wamama."

"Ndiyo, mama," Baba akasema.

"Na ungekuwa huko nyuma na hiyo randa yako."

Baba akaiweka randa chini.

Kisha Mama Chebet akanigeukia. Sauti ya wodi ilikuwa imerudi. "Sanduku nachukua. Lakini Chebet lazima aambiwe kabla hajalizoea. Na si mimi wa kumwambia. Mimi na huyo msichana tukisema neno rangi tena, harusi haifiki Jumamosi. Sasa sikia. Wakati wa zawadi, sanduku likiletwa mbele, kuna mtu wa kulieleza. Nilikuwa nimepanga awe shangazi yake. Atakuwa wewe. Emsii atakupa maikrofoni."

"Mama, mimi siwezi."

"Umeniambia mimi, na hao watu wote mia tatu ukiwachanganya hawafikii ukali wangu."

"Naweza kuandika. Naweza kuweka barua ndani."

"Nani anasoma barua kwa harusi? Utasema kwa mdomo. Useme ilivyo leo, useme itakavyokuwa, na useme wafanye nini isikimbie haraka. Na hiyo ya paka..."

Sikuwa nimemwambia habari ya paka. Nikamtazama Baba. Kumbe mwezi wa sita alimsimulia Mama Chebet habari yote ya losheni kwenye simu, mpaka ile ya kofia. Kile kimoja cha maana ndicho hakumwambia.

"Hiyo ya paka uianze nayo," Mama Chebet akaendelea. "Watu wakicheka kwanza hawatakuuma."

Baba alikuwa na uso wa mtu aliyeokoka ajali. "Ataongea, mama. Huyu anasoma sana. Ataongea vizuri."

"Najua ataongea. Na wewe utasimama kando yake, umeshika kifuniko."

Ungemwona Baba.

Mama Chebet akaondoka. Mimi na Baba tulikaa kwenye benchi. Baadaye aliniuliza kama mtu akishika kifuniko analazimika kutazama watu, au anaweza kutazama kifuniko. Nikamwambia nadhani anaweza kutazama kifuniko. Akasema ni sawa basi.

Kwa hivyo barua hii haitaingia ndani yako. Nitabaki nayo, na kila jioni wiki hii nitaisoma kwa sauti hapa karakanani, mpaka maneno yajue njia ya kutoka. Leo umekuwa wa kwanza kuisikia, nimekufunua kidogo upande wa kusikilizia. Ulivumilia vizuri, hata niliporudia sehemu ya spiriti.

Kesho usiogope barabara ya Ndabibi. Ina mawe, lakini viungo vyako alivikata Baba, na katika viungo hajawahi kumdanganya mtu. Ukifika watakuweka sebuleni na majirani watakuja kukushika. Utasifiwa sana kwa rangi. Usijali siku utakapoanza kusikia wanasifu mbao badala ya rangi. Nimekaa na vipande vyangu viwili dirishani kwa miezi mitatu, na kile cha kahawia nimekizoea mpaka juzi nilijikuta nakishika kwanza.

Jumamosi tutaonana mbele ya hema, wewe, mimi, Baba na kifuniko. Ukiona midomo yangu inacheza na sauti haitoki, nipe muda. Kazi yako siku hiyo ni moja tu, kuwa mwekundu. Ya kuwaambia kwamba hutabaki hivyo, niachie mimi.

Ni mimi niliyekupiga msasa,
Nyambura